Nokhodchi zisikuvunjikie mkononi
Ukioka nokhodchi, vile vibiskuti vya unga wa dengu ambavyo Wairani huandalia wageni wa Nowruz, mwaka mpya wao wa mwezi Machi, vikitoka kwenye oveni usiviguse. Viache kwenye trei hiyohiyo mpaka vipoe kabisa, hata saa nzima. Unga wa dengu hauna gluteni, ile protini ya ngano inayoshikanisha unga. Kinachovishika ni samli, nayo ikiwa ya moto ni mafuta tu. Ukinyanyua kimoja mapema, unabaki na vumbi la iliki vidoleni (nimeshalamba la kutosha). Samli ikiganda, kila kimoja kinashikamana, hakivunjiki ovyo. Ila donge likiwa kavu, likapasuka wakati wa kukata, kusubiri hakusaidii. Na kama unga wako wa dengu ni ule mbichi wa bhajia, ukaange kwanza bila mafuta hadi unukie.