Kuusoma moto wa makaa kwa mkate wa ufuta

Panga makaa makavu kwenye seredani, uyawashe kwa makumbi, kisha uitazame rangi yake. Kaa ambalo halijafikia nyuzi 600 hivi za Selsiasi huwaka taratibu, kwa kuwa kaboni yenyewe huungana polepole na oksijeni, na hewa hupata nafasi ya kupenya hadi ndani ya vitundu vyake. Likifikia rangi ya chungwa, karibu nyuzi 900, oksijeni huliwa juu juu kabla haijaingia ndani, hivyo kaa hupungua kuanzia nje, na kuanzia hapo kipepeo ndicho kinachoamua ukali wa moto.

Mkate ukishatoboka vitundu na kushika vyema kwenye tava, nyunyiza ufuta, kisha uipindue tava uso wa mkate uyaelekee makaa. Ufuta ukiungua haraka, acha kupepea, kwani jivu jembamba linalolifunika kaa huizuia hewa na kuupoza moto.

Miali ya buluu ni kaboni monoksaidi inayoungua. Sumu hii haina harufu, basi nakusihi upikie uani, wala usiingize seredani chumbani.