Kutoka daftari la kikoba hadi Play Store: anza hivi apu yako ya kwanza

Mimi ni katibu wa kikoba chetu hapa Makorora, Tanga. Tuko wanachama 24, tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni, na sanduku letu lina makufuli matatu ambayo funguo zake wanazishika watu watatu tofauti. Kazi yangu ni daftari: hisa, marejesho ya mikopo, faini za kuchelewa, mfuko wa jamii. Apu yangu ya kwanza ilizaliwa humo, na wewe nakushauri uanzie mahali kama hapo, kwenye kazi moja unayoifanya kwa mkono kila wiki na ambayo makosa yake unayajua. Mtu aliyezoea kugawa hisa kwa kalamu tayari anajua apu yake ifanye nini. Kilichobaki ni kujifunza namna ya kuieleza simu.

Kabla sijafungua kompyuta nilichora. Karatasi nne, kila moja skrini yake: wanachama, mkutano wa leo, mikopo, mgao. Nikamwekea mweka hazina wetu mezani nikamwambia, "Shangazi, mtu kanunua hisa tatu, bonyeza pa kuandika." Kidole kikazunguka weee, kikakwama kwenye karatasi ya pili. Nilifuta na kuchora upya pale pale, nusu saa ikatosha. Kama ningekuwa nimeshaandika msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha apu, ningerudi nyuma wiki nzima.

Kwa vifaa, kompyuta yenye RAM ya GB 8 inakwenda, mradi usiwashe ile simu ya kuigiza inayokuja na Android Studio, programu ya kutengenezea apu za Android, maana inaila kompyuta yote. Tumia simu yako halisi. Ingia kwenye Mipangilio, fungua sehemu ya Kuhusu simu, tafuta nambari ya muundo, uibonyeze mara 7. Menyu ya wasanidi itafunguka. Humo ruhusu utatuzi wa USB, kisha chomeka waya. Ukibadilisha neno kwenye kompyuta, utaliona limebadilika mkononi mwako kabla hujavuta pumzi. Furaha ile ndiyo iliyonifanya nikeshe.

Nilichagua Flutter, zana ya kutengenezea apu ambayo ni ya bure na hutumia lugha ya msimbo iitwayo Dart, kwa sababu msimbo uleule unaweza kutumika Android na iPhone. Kotlin, lugha nyingine ya msimbo, nayo ni nzuri sana ukiwa na nia ya Android peke yake. Usipoteze mwezi ukilinganisha. Vitu vya kupakua ni vizito, GB kadhaa, kwa hiyo vizia bando la usiku. Ukimaliza kusakinisha, fungua dirisha la kuandikia amri kwenye kompyuta, andika `flutter doctor`; itakuonyesha kipi kimekaa sawa na kipi bado.

Jambo moja la kufanya vizuri siku ya kwanza kabisa ni kitambulisho cha apu, yaani jina la kipekee ambalo Play Store inaitambulia apu yako. Usiache kile kinachoanza na `com.example`, maana Play Store haikipokei, na apu ikishatoka kitambulisho hakibadiliki tena. Anzisha mradi kwa amri kama `flutter create --org com.jinalako daftari_kikoba`, ukiweka jina lako mahali pa "jinalako".

Sasa hesabu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hela za watu hazina "karibu sawa". Wanaoanza wengi huhifadhi fedha kama namba zenye desimali, na kompyuta huzihifadhi desimali kwa makadirio. Jumla ikija na mkia wa 0.0000001, mwanachama hatakuelewa, na ana haki. Hifadhi shilingi kama namba kamili, basi. Halafu fikiria siku ya kuvunja kikoba. Tuseme faida ni shilingi 487,300 na hisa ni 212. Kila hisa inapata 2,298, na zinabaki shilingi 124. Kwenye Dart, alama `~/` inakupa ile 2,298, na `%` inakupa ile 124. Msimbo ni mistari miwili tu, lakini swali la 124 ziende wapi halijibiwi na msimbo. Nililipeleka mkutanoni, wanachama wakaamua ziingie mfuko wa jamii, na apu sasa inaandika hivyo waziwazi chini ya mgao. Maswali ya namna hiyo wapelekee wenye hela. Usiyaamue peke yako usiku ukiwa na kompyuta.

Kumbukumbu zangu zinakaa ndani ya simu yenyewe, kwenye hifadhidata ya SQLite kupitia msimbo ulioandaliwa tayari uitwao `sqflite`, kwa hiyo apu inafanya kazi bila bando. Ubaya wake, simu ikipotea daftari limepotea. Weka kitufe cha kutoa nakala ambayo mtu anaweza kuituma WhatsApp. Usikiache kitufe hicho kwa toleo lijalo.

Toleo la kwanza niliwapa watu watano, bila duka lolote. Amri ya `flutter build apk --split-per-abi` inatoa mafaili madogo madogo kulingana na aina ya simu, badala ya moja kubwa la simu zote. Nikatuma kwa WhatsApp. Jumamosi ile ile mweka hazina akaniita pembeni: "Mwanangu, hii 'Hifa' ndiyo nini?" Yeye huweka maandishi makubwa kwenye simu yake kwa ajili ya macho, na neno Hifadhi lilikuwa limekatwa katikati. Kwangu lilikaa sawa miezi yote. Tangu siku hiyo sitoi toleo bila kukuza maandishi ya simu hadi mwisho na kupita skrini moja moja. Ifanye na wewe. Watumiaji wetu wengi ni mama zetu.

Kuingia Play Store kunataka ada ya dola 25, unalipa mara moja tu. Tumia kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, kwa kuwa kadi za kulipia kabla hazipokelewi. Jina liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, herufi kwa herufi, kwani utathibitishwa kwa hati hiyo. Ujue pia kwamba jina lako la kisheria na nchi yako vitaonekana na kila mtu, na ukianza kuingiza pesa kupitia apu, anwani yako kamili nayo itaonekana. (Apple wanatoza dola 99 kila mwaka na utahitaji kompyuta ya Mac. Duka lao mimi nimeliacha kwanza.)

Kisha kuna sharti linalowashangaza wengi. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima ifanye jaribio la faragha, yaani apu itumiwe kwanza na watu uliowaandikisha tu, kabla ya kuruhusiwa kutoka hadharani. Mwanzoni walitakiwa watu 20 wa kuijaribu. Sasa ni 12, na wanatakiwa wawe wamejiunga siku 14 mfululizo. Mimi niliandikisha 12 kamili. Siku ya tisa mmoja akajitoa bila kujua alichobonyeza, hesabu ikavunjika, nikaanza upya. Andikisha 16 au zaidi. Hakikisha kila mmoja ana akaunti ya Google kwenye simu yake, kaa naye, mfungulie kiungo cha kujiunga wewe mwenyewe, na umwombe aitumie apu kweli, kwa sababu mwisho wa jaribio utaulizwa walisema nini na ulirekebisha nini. Kikoba kilinisaidia hapa: watu ninao kila Jumamosi.

Andaa mapema ikoni ya pikseli 512 kwa 512, picha ya bango ya 1024 kwa 500, na angalau picha mbili za skrini. Jina lisizidi herufi 30, maelezo mafupi 80. Sera ya faragha iwe kwenye ukurasa wa wavuti unaofunguka, hata kama apu yako haitumi taarifa yoyote nje ya simu. Na kama inagusa mikopo kama yangu, eleza kwenye tamko la huduma za kifedha kwamba apu haimkopeshi mtu, ni daftari. Apu za kukopesha zina masharti yake makali, usijiingize humo kwa neno lililokaa vibaya.

Faili unalopakia Play Store ni la aina ya AAB, linalotoka kwa `flutter build appbundle`, na limesainiwa kwa ufunguo ulioutengeneza wewe. Ufunguo huu ni faili dogo tu. Langu lilikuwa kwenye kompyuta peke yake. Nikaipeleka kompyuta kwa fundi kwa ajili ya skrini, ikarudi imefutwa yote. Bahati nzuri, Google huwa inabaki na ufunguo mkuu, na huu wangu ni wa kupakia tu, hivyo niliomba kuwekewa mwingine nikapewa. Lakini zile siku za kusubiri nilikuwa na kosa la hesabu la kurekebisha na mikono yangu imefungwa. Sasa nakala moja iko kwenye flashi, nyingine kwa dada yangu, na nenosiri limeandikwa kwenye karatasi iliyo mahali pengine kabisa, kama tulivyotenganisha funguo za sanduku.

Ukiruhusiwa, bonyeza kuchapisha, usubiri ukaguzi. Kila toleo jipya, ongeza namba iliyo baada ya alama ya kujumlisha kwenye faili la mradi liitwalo `pubspec.yaml`: `1.0.0+1` iwe `1.0.1+2`, la sivyo faili litakataliwa. Toleo langu la kwanza la marekebisho lilirekebisha tarehe ya marejesho. Nilipakia Alhamisi usiku, na Jumamosi saa kumi shangazi alikuwa tayari nalo.