Kuni za baridi ya mwakani zikate sasa hivi, na namna ya kuzifikisha nyumbani bila kuua gari wala mtu

Kamwene wote. Huku Makete, mkoani Njombe, mwezi huu wa saba ukitoka nje alfajiri unakuta sakitu imetanda nyeupe kwenye majani, na ukipita kwenye nyumba za watu unaona moshi mzito wa kijivu hata haupandi juu, unatambaa tu chini ya bati, na ndani kuna mama au bibi macho mekundu anapuliza moto toka saa kumi na moja. Watu wanasema jiko bovu. Jiko halina shida, zile kuni ni mbichi, na kuni za kuchoma leo zilitakiwa ziwe zimekatwa mwaka jana wakati kama huu. Tukielewana hapo mengine yote ya jiko na ya gari yanakuwa mepesi.

Mti ukiuangusha leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia motoni, moto unahangaika kwanza kuchemsha yale maji kabla haujakupa wewe joto, na ule moshi wenye unyevu ndo unaoganda kwenye bomba na kwenye kuta na kwenye kifua cha mpishi. Kuni nzuri ina maji chini ya asilimia 20, na kufika hapo ni kazi ya miezi, hakuna njia ya mkato. Paini iliyopasuliwa inaweza kukauka kwa kiangazi kimoja, mkaratusi mnene mpe mwaka mzima. Sasa hesabu, mvua zetu zinaingia mwezi wa kumi na moja na zinakwenda mpaka wa nne, kwahiyo ukikata sasa unapata miezi mitatu minne ya jua na upepo, afu masika yote zinakaa chini ya paa upepo unapita, Juni mwakani unazichukua zikiwa tayari. Ukisubiri Mei ndo uanze kutafuta mti umeshachelewa, utachoma maji tena na watoto watakohoa tena.

Kuhusu mti gani, mi naweka miwati mbele ya yote. Unapasuka vizuri, unakauka haraka kuliko mkaratusi, unatoa joto la nguvu na makaa yanayokaa, na Njombe upo kila mahali. Mkaratusi una joto pia, ndo maana viwanda vya chai kule Mufindi vinautumia kukaushia majani, ila upasue siku hiyohiyo uliyoukata. Ukiuacha ukauke na gogo lake nyuzi zake zinajisokota na kukaza, utavunja mpini wa shoka na kabari itang'ang'ania humohumo. Paini inawaka haraka inaisha haraka na ina utomvu mwingi, iweke ya kuwashia. Wa Mbozi wana visiki vya kahawa wanapofufua mashamba, vile ni vitamu sana kwa makaa. Na walio karibu na Mafinga wana mabanzi, vile vipande vya pembeni ya gogo, mashine za dingidong za kupasulia mbao zinayaacha porini malundo kwa malundo, bei poa, ila nayo yanatoka mabichi kwahiyo yakaushe kama kuni nyingine.

Kuna kitu kimoja lazima nikiseme kwa sauti. Vile vipande vya nguzo za umeme vyenye rangi ya kijani, vinavyobaki kwenye nguzo zilizopigwa dawa, USIVICHOME. Ile dawa ina aseniki, ni sumu, inatoka na moshi na inabaki kwenye majivu. Nimeona watu wanachemshia maharage kabisa na vipande vile kwasababu vimekauka na ni vya bure. Tafadhali, hata kama huna kuni nyingine.

Kupanga. Weka magogo mawili chini kama reli ili kuni zisiguse udongo, panga juu yake zikiwa zimepasuliwa unene wa mkono, ganda likiangalia juu, na uache nafasi kati ya mstari na mstari. Juu funika, pembeni acha wazi. Watu wengi wanakosea hapa, wanachukua turubai wanafunika mpaka chini kama maiti, unyevu unabaki ndani, ukija kufunua unakuta ukungu na mchwa. Bati kuukuu mbili na mawe juu yake zinatosha, au panga upande wa nyumba unaopigwa na jua la mchana, chini ya mwisho wa paa, ila zisigande ukutani.

Kujua zimekauka wengi wanaangalia ufa kwenye ncha, au wanagonganisha vipande viwili wanasikiliza, kavu inalia ko ko, mbichi inalia du. Ni sawa ila inadanganya, nje inaweza kukauka ndani bado. Mi natumia ile mizani ya kuning'iniza tunayopimia viazi. Siku ya kupanga nachukua vipande vitatu, kimoja chembamba kimoja cha kati kimoja kinene, napima kila kimoja na kuandika kilo zake palepale kwenye mti kwa mkaa, naviweka katikati ya lundo. Kila wiki mbili navitoa napima tena naandika chini yake. Mwaka jana kile cha kati cha mkaratusi kilianza kilo 4 na nusu, mwisho kikasimama kwenye 2 na robo tatu, wiki mbili kikawa hivohivo, wiki mbili nyingine hivohivo. Namba ikigoma kushuka wakati wa jua ndo umemaliza. Haina gharama na haibishaniwi.

Jiko sasa. Mafiga matatu yanakula kuni nyingi kwasababu joto linakimbilia pembeni, ukiweza jenga jiko la udongo lenye mdomo mmoja wa kuni na bomba. Udongo wa kichuguu ndo mzuri, changanya na pumba za mpunga au vumbi la mbao, likipata moto yale mapumba yanaungua yanaacha vitundu na vile vitundu vinazuia joto lisipotelee ukutani. Wa Rungwe mna yale mawe mepesi ya volkano yenye vitobo, yapondeni mjazie kuzunguka chemba ya moto, yanafanya kazi hiyohiyo vizuri zaidi. Ndani weka wavu wa nondo ili kuni zikae juu na hewa ipite chini yake, hilo peke yake linabadilisha moto kabisa. Na kuni usijaze mdomo wote, nusu ya mdomo ni ya hewa.

Bomba lipite mbali na mbao za kenchi, sentimita 45 kila upande kama ni bomba la tabaka moja la bati, lipitie kwenye bati la paa na sio kwenye nyasi, na juu lizidi kofia ya nyumba ili upepo usirudishe moshi ndani. Afu lisafishwe. Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Juni moja niliishiwa kuni, nikanunua tripu barabarani, nje kavu kabisa, nikaamini. Tukachoma mwezi mzima zinatoa moshi na kulia machozi kwenye ncha, yale mapovu meupe. Siku moja usiku nimetia mabanzi makavu ya paini ili pakolee, nikasikia bomba linanguruma kama lori linapanda mlima Kitonga, nikaangalia, bati ya bomba imekuwa nyekundu. Ile lami nyeusi iliyogandishwa na kuni mbichi ndo ilikuwa inawaka ndani. Nikatoa watoto nje, nikaziba mdomo wa jiko na udongo mbichi hewa isiingie, nikamwaga majivu makavu juu ya kuni, jirani akapanda ngazi akawa analowesha mbao za paa kuzunguka. Hatukumwaga maji kwenye bomba wala jikoni, na wewe usimwage, bomba la moto likipata maji linapasuka na mvuke unarudi usoni kwako. Lilizima lenyewe baada ya kama nusu saa. Toka siku hiyo kila mwezi wa baridi nafungua bomba nalipitisha gunia lililofungwa kwenye fito, na ile lami ikifika unene wa sarafu nasimamisha moto mpaka itoke.

Na jiko la mkaa usilale nalo chumbani, hata kama limebaki makaa kidogo, hata kama dirisha lina upenyo. Ile hewa yake ya sumu haina harufu, unasinzia tu. Likishakupasha joto litoe nje ndo ufunge mlango.

Tuje kwenye kubeba, hapa ndo hela na roho za watu zinapotea. Kwanza kibali, kuni ni zao la msitu, kabla hujapakia uliza ofisi ya kijiji na ya maliasili wilayani wanataka nini, hata kama mti ni wako mwenyewe, geti likikukamata na mzigo umeshachelewa kueleza.

Pili uzito. Mita moja ya ujazo ya mkaratusi mbichi uliopangwa inaweza kufika kilo 600 mpaka 700, ikikauka inarudi karibu 400. Bodi ya pikapu ya kabini moja ukijaza usawa wa bodi tu ni kama mita moja na nusu, yaani kama mbichi ni tani nzima tayari, na watu wanapandisha mpaka juu ya kabini afu wanashangaa springi zimevunjika. Ndo maana mi napasua na kupanga palepale shambani, naziacha mwezi au miwili ndo naenda kuzibeba, mzigo unapungua na dizeli inapungua. Magogo mazito yakae mbele karibu na kabini, mepesi nyuma, la sivyo pua ya gari inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi kwenye matope. Funga kamba mbili za kukatisha, simama baada ya kilomita mbili tatu uzikaze tena, kuni zinashuka kwa mtikisiko na kamba inalegea.

Kushuka mlima, iwe Kitonga iwe hizi njia zetu za udongo za milimani, gia unayopandia ndo unayoshukia, na uiingize kabla hujaanza kushuka. Usiweke fri, yaani kuliacha gari bila gia, hata siku moja. Anayeweka fri anaokoa dizeli ya shilingi chache afu breki zinapata moto, na breki ikipata moto pedo inazama tu hakuna kitu. Ukisimama kwenye mlima utingo ashuke kwanza aweke gogo kwenye tairi upande wa chini ya mlima ndo mengine yaendelee, handibreki ya gari la mzigo usiiamini peke yake.

Asubuhi ya sakitu gari la dizeli washa swichi, subiri taa ya hita izime, ndo upige stata, na likiwaka liache lipumue dakika chache. Chini ya filta ya dizeli kuna kidude cha kufungua, kifungue kila wiki umwage maji kwenye kikopo, usiku wa baridi tenki lisilojaa linatoa jasho ndani na maji yale ndo yanayokuua nozo. Rejeta weka kulanti, maji matupu huku juu yanaweza kuganda.

Wenye pawatila, yale matrekta madogo ya magurudumu mawili, naomba msome hapa mara mbili. Wengi wamezinunua Usangu ambako ni tambarare ya mpunga, wanazileta milimani na trela la kuni. Kwenye tambarare ukibana klachi ya kushoto inakata kushoto. Ukiwa unashuka na trela linakusukuma inageuka, ukibana ya kushoto inakwenda KULIA. Dereva anaogopa anabana zaidi, inazidi kwenda kulia, korongoni. Kwenye mteremko usiguse klachi za kukatia kabisa, weka gia namba moja, kata kona kwa kusukuma mikono yenyewe ya pawatila, na hakikisha trela lina breki inayofanya kazi. Mzigo nusu. Na mtu asikae juu ya kuni, hasa watoto.

Majivu ya jiko ukizoa weka kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje, mbali na lundo la kuni, siku mbili tatu, maana kaa dogo linakaa hai humo ndani muda mrefu kuliko unavyodhani. Yakipoa yapeleke kwenye kabichi na migomba. Kwenye viazi mviringo usimwage, yanapunguza uchachu wa udongo na viazi vinatoka na magamba, na mchuuzi wa Dar akiona magamba anashusha bei.