Msimbo Mmoja kwenye Windows, Linux na macOS

Timu inayounda programu ya kutumika kwenye mifumo endeshi tofauti, tuseme wawili wako Mbeya na Windows na wa tatu yuko Iringa na Linux, ikubaliane mapema kwamba kanuni za mafaili zitakaa ndani ya hazina ya Git yenyewe, yaani ghala la mradi ambalo programu ya Git hulitunza pamoja na historia ya mabadiliko yake, wala si katika mipangilio ya kompyuta ya kila mtu, kwa kuwa atakayejiunga kesho atakuja na kompyuta yake lakini hazina ataikuta ileile.

Anzeni na miisho ya mistari. Windows hufunga mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF, ilhali Linux na macOS hutumia LF pekee. Ndiyo maana mtu anaweza kurekebisha neno moja, Git ikaonyesha kwamba faili zima limebadilika, na mkaguzi asijue kilichoguswa ni kipi. Tengenezeni faili liitwalo .gitattributes, andikeni humo `* text=auto`, kisha `*.sh text eol=lf`, kwa sababu skripti (faili la amri, lenye jina linaloishia na .sh) yenye CR hugoma kwenye Linux. Ikiwa hazina imeshatumika, endesheni `git add --renormalize .` mara moja ili mafaili ya zamani yafuate kanuni hiyo, na kuyakomiti (kuyahifadhi katika historia ya Git) mabadiliko hayo peke yake.

Kosa ninaloliona baya zaidi ni la herufi kubwa na ndogo, kwani hujificha hadi siku ya kupandisha programu kwenye seva. Kwa kawaida Windows na macOS huyahesabu Mkulima.js na mkulima.js kuwa faili moja, lakini Linux huyatofautisha, hivyo kilichofanya kazi Mbeya hakipatikani kwenye seva. Andikeni majina yote kwa herufi ndogo, na mnapobadilisha jina tumieni `git mv`. Epukeni pia nukta pacha na majina kama aux na con, ambayo Windows huyakataa.

Mtandao ukikatika, kazi isisimame. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya wajenzi wa Linux waliotawanyika duniani, humpa kila mmoja nakala yenye historia yote. Aliye kwenye basi karibu na Makambako anaweza kukomiti hatua ndogondogo, kila moja na ujumbe unaoeleza sababu. Akipata mtandao, atangulize `git pull --rebase`, inayoleta kazi ya wenzake na kuiweka yake juu yake, apime programu upya, ndipo asukume kwenye hazina ya pamoja tawi lake (mkondo wake wa kazi), nalo lisiunganishwe na tawi kuu kabla majaribio hayajapita kwenye mifumo yote mitatu.