Somo: Kamera ya chombo cha angani inavyopiga sayari ya mbali

Tutumie Voyager 2, chombo cha Marekani kilichopita sayari za Urani (1986) na Neptuni (1989), hesabu zake ni nyepesi kufuata.

1. Kamera. Ziko mbili: ya uwanja mpana, fokasi (ikiwa ndefu, kamera huvuta karibu zaidi) milimita 200, na ya uwanja mwembamba, milimita 1500. Mwezi mdogo ni kazi ya hii ya pili.

2. Vichujio. Kamera haioni rangi. Hupigwa picha moja kwa kichujio cha buluu, moja kijani, moja chungwa, zikaunganishwa huku duniani. Mwezi ukisogea kati ya picha moja na nyingine, kingo hutoka na mistari ya rangi, basi picha hupangwa zilingane kwanza.

3. Mwanga na mwendo. Hapa ndipo penye kazi. Neptuni iko mbali na jua mara 30 kuliko sisi, kwa hiyo mwanga wake ni 1/900 (30 × 30) ya wetu. Shata, kile kifuniko kinachoruhusu mwanga kuingia, hukaa wazi sekunde kadhaa, na chombo kinapita mbio. Ukiacha hivyo, picha inapakazika. Dawa yake ni kukizungusha chombo kizima polepole kwa jeti ndogo, kamera ibaki imekodoa palepale. Miranda, mwezi wa Urani, ulipigwa hivyo Januari 1986. Ila antena nayo inageuka ikaiacha dunia, kwa hiyo picha hurekodiwa kwenye tepu, zitumwe baadaye.

4. Kutuma. Mistari 800, kila mmoja nukta 800, kila nukta namba 0 (giza) hadi 255 (weupe), yaani biti 8 (tarakimu za 0 au 1): jumla biti 5,120,000. Kwa biti 21,600 kwa sekunde kutoka Neptuni, picha isiyobanwa ilichukua karibu dakika 4, mbali na saa 4 na ushei za safari ya mawimbi yenyewe.

Maswali

*Maalim, mbona nyota hazionekani?*
Shata hupimwa kwa sayari, nyota ni hafifu mno. Mwaka 1979 picha moja ya Voyager 1, pacha wa Voyager 2, ilizidishiwa mwanga makusudi, nyota zionekane za kuongozea chombo. Katika picha hiyo Linda Morabito, mhandisi wa kuongoza chombo, akaona moshi pembeni mwa Io, mwezi wa Mshtarii: volkano.

*Niko Ngomeni, pwani ya Kenya. Sahani ya kituo chetu cha anga za juu ingeweza kupokea picha hizi?*
La, ndugu yangu. Ile ya mita 10 ni ya setilaiti za karibu na roketi. Ya Canberra, Australia, ina mita 70, eneo lake mara 49, na hata hivyo kwa Neptuni ilisaidiwa na ya Parkes, hukohuko Australia.

*Lenzi ikishika ukungu, nani aifute?*
Hita. Cassini, chombo kilichotumwa Zohali, kilipatwa na ukungu huo mwaka 2001. Kamera ikapashwa moto siku kadhaa mfululizo, ikarudiwa, mpaka ukungu ukatoka.