Kuunganisha Kompyuta ya Nyumbani na Intaneti kwa Laini ya Simu ya Mezani

Maelezo haya ni ya enzi za intaneti ya kupiga simu, kwa mtu mwenye kompyuta inayotumia Windows XP, modemu (kifaa kinachoiunganisha kompyuta na laini ya simu) ya kasi ya 56K, yaani kilobiti 56 kwa sekunde, na laini ya simu ya mezani ya TTCL, kampuni ya simu ya Tanzania, inayofanya kazi. Hatua za ndani ya kompyuta ni chache na zinakwisha upesi. Usumbufu mwingi hutokana na waya wa simu, lakini lawama huangukia kompyuta, na kwa sababu hiyo tutaanza na waya.

Inua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili mlio wa laini unyamaze, kisha sikiliza kwa makini. Laini nzuri huwa kimya kabisa. Ukisikia mkwaruzo, mvumo, au sauti za watu wengine wakizungumza kwa mbali, usitarajie intaneti ya maana mpaka hitilafu hiyo iondolewe, maana modemu hupeleka taarifa kwa njia ya sauti na kila kelele huilazimisha kupunguza kasi au kukata kabisa. Mara nyingi chanzo ni maungio yaliyoingia kutu au maji ya mvua, au waya mrefu wa nyongeza uliozungushwa vyumba vitatu kabla ya kufika mezani. Jaribu kuchomeka simu moja kwa moja kwenye soketi ya kwanza inayoingia ndani ya nyumba. Kelele ikitoweka, ujue ubovu uko ndani ya nyumba yako, na ikibaki, toa taarifa kwa mafundi wa simu.

Ukiridhika na laini, chomeka waya wa simu kwenye tundu la modemu lililoandikwa "Line", na simu yako ya kawaida kwenye lile la "Phone". Angalia usichanganye na tundu pana kidogo la kadi ya mtandao, ambalo hulikubali jino la waya wa simu ingawa halikutengenezwa kwa ajili yake. Simu inapoita, umeme unaopita kwenye waya huo unaweza kuiharibu kadi. Halafu fungua "Control Panel", ingia "Phone and Modem Options", na uhakikishe kwamba modemu yako imeorodheshwa. Kitufe cha "Query Modem" kilicho chini ya "Diagnostics", ndani ya "Properties" za modemu hiyo, kitakuonyesha kama inajibu. Isipojibu, weka kwanza programu endeshi, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia modemu, kutoka kwenye diski iliyokuja nayo.

Kampuni inayokuuzia huduma ya intaneti inapaswa kukupa namba ya kupiga, jina la mtumiaji na nywila, pamoja na majina ya seva za barua pepe, yaani kompyuta zao zinazopokea na kutuma barua. Waulize pia kama namba hiyo iko katika eneo lako la simu, kwa kuwa mkazi wa Morogoro anayepiga namba ya Dar es Salaam inayoanza na 022 anaweza kutozwa bei ya simu ya mbali kwa muda wote atakaokuwa hewani.

Sasa bofya "Start", nenda "All Programs", "Accessories", "Communications", kisha "New Connection Wizard". Chagua kuunganishwa na intaneti, halafu kuweka mipangilio kwa mkono, halafu kutumia modemu ya kupiga simu. Andika jina lolote la kuitambulisha huduma, namba ya kupiga, jina la mtumiaji na nywila, ukizingatia herufi kubwa na ndogo. Ukiulizwa kuhusu ukuta wa ulinzi ("firewall"), ukubali. Maliza kwa kuweka alama ya njia ya mkato kwenye eneokazi ("desktop").

Bofya alama hiyo mara mbili, kisha "Dial". Utasikia mlio wa laini, tarakimu zikipigwa, halafu makelele makali ambayo ndiyo mazungumzo ya modemu mbili zikikubaliana kasi, na mwisho kimya. Wengi huizima sauti hiyo mapema. Mimi nashauri iachwe siku za mwanzo, kwani sikio hukuambia kilipo kikwazo kabla ya kompyuta kukuambia. Ukisikia mtu akisema "haloo, nani mwenzangu?", kata haraka na usahihishe namba kabla kompyuta haijampigia tena.

Ikishindikana, soma namba ya hitilafu. 680 inamaanisha modemu haisikii mlio wa laini: kagua waya, na kama mlio wa laini yako si wa kawaida, ondoa sharti la kuusubiri kwenye mipangilio ya modemu. 676 ni laini iliyo na shughuli, 678 upande wa pili haukuitikia, na 691 ni jina au nywila iliyokataliwa.

Mkishaunganishwa, alama ya kompyuta mbili itatokea karibu na saa. Ukiibofya utaona kasi, ambayo haitafika 56K; hata laini safi ikikupa 44K au 48K ni vizuri. Kwa kiwango hicho faili la megabaiti moja huchukua kama dakika tatu hadi nne, na kutuma ni polepole zaidi, kwa hiyo andika barua pepe zako zote kabla ya kupiga, unganisha, tuma na upokee, kisha kata na usome ukiwa nje ya hewa. Nenda pia kwenye sifa za muunganisho, chini ya "Options", uweke ukatike wenyewe baada ya dakika 10 bila matumizi, na katika "Internet Options" uchague kompyuta isipige bila ruhusa yako. Mara kwa mara hakiki kwamba namba ya kupiga bado ni ile ile, maana zipo programu haribifu zinazoibadilisha kimyakimya kuwa namba ya nje ya nchi, na mwenye nyumba hugundua bili ikishafika.

Ukimaliza, bofya kulia alama ile na uchague "Disconnect". Dalili za mvua ya radi zikionekana, kabla haijaanza kunguruma, chomoa waya wa simu kwenye modemu hata kama umeshazima kompyuta, kwa kuwa njia hiyo haipiti kwenye swichi yoyote ya umeme uliyoizima.