Kukadiria maji yanayoshuka kutoka tangi la juu

Maji yakitoka kidogo, kabla hujamlaumu fundi kwamba tangi liko chini, kagua bomba lako kwanza. Ukipandisha tangi mara mbili ya kimo cha sasa, maji huongezeka kama mara 1.4 tu. Kipenyo cha bomba ndicho chenye nguvu.

Mimi hugeuza kila kitu kuwa urefu wa bomba la inchi moja. Elbo moja (kiungo cha kona) ya inchi moja huzuia maji kama sentimita 75 hivi za bomba lililonyooka. Mita moja ya bomba la robo tatu ya inchi huzuia kama mita 4 za inchi moja. Mita moja ya nusu inchi? Karibu mita 30!

Tuseme una mita 10 za inchi moja na elbo tano: jumla kama mita 14. Mwishoni fundi akaunga mita 3 tu za nusu inchi. Hizo peke yake ni sawa na mita 90 za inchi moja, na maji yanabaki kama theluthi moja. Elbo hazikuwa tatizo kubwa hata kidogo.

Kisha hakikisha kwa ndoo ya lita 20 na saa: ikijaa kwa sekunde 60, unapata lita 20 kwa dakika. Pima tangi likiwa limejaa, halafu likiwa nusu.